Mafuta yakiisha, gari yako utaipa nini? Ethanoli, bayodizeli, gesi na zingine tukizipima moja kwa moja

Shemeji yangu ana Canter ya dizeli anabeba viazi kutoka Kinangop kuleta Marikiti, mimi niko na Fielder ya petroli, ile ya 1500. Juzi tumekaa kwangu baada ya chakula akaniuliza, "Sasa shemeji, siku haya mafuta ya kuchimbwa yataisha, hii Canter nitaiuza kwa kilo kama vyuma ama kuna kitu kingine inaweza kunywa?" Nikamwambia kuna vitu vingi sana inaweza kunywa, shida iko kwingine, tukaongea mpaka saa sita usiku. Naandika hapa ili na wengine wenye gari za injini za kawaida wachague wakijua, maana nasikia watu wanauziwa maneno mengi huko nje.

Kwanza tuelewane kitu kimoja. Mafuta hayataisha siku moja eti uamke pampu zote zimekauka. Yataisha kwa bei. Wale mlikuwa Nairobi Aprili 2022 mnakumbuka, foleni ya petroli stesheni inaanzia kwa raundabauti, watu wanasukuma gari kwa mkono wasiwashe injini wamalize kale kadogo kamebaki, bodaboda wamejaza mitungi mbele yako na wewe bado. Ile haikuwa hata dunia kuishiwa, ilikuwa tu malipo na usambazaji kuvurugika. Halafu Oktoba 2023 EPRA, ile mamlaka inayopanga bei ya mafuta, ikatangaza petroli Nairobi ni 217.36 kwa lita. Na sisi tangu kiwanda cha Changamwe kiache kusafisha mafuta ghafi 2013 kila tone tunaletewa likiwa tayari limesafishwa, hata yale mafuta yaliyopatikana Turkana 2012 hayajawahi kufika kwa tenki ya Fielder yangu. Kwa hivyo hii si hadithi ya wajukuu, sisi tutaanza kuisikia mapema kuliko wengi.

Sasa ukitaka kulinganisha usianze na kuuliza "injini itawaka?" Injini itawaka karibu na kila kitu. Uliza lita moja ina nguvu kiasi gani, na uliza hizo lita zitatoka wapi na nani atakosa ili wewe upate. Hilo la pili ndilo linaniuma na ndilo watu wanaruka.

Kwa nguvu, hesabu ni hii: lita ya petroli ina karibu megajuli 32, dizeli 36, bayodizeli 33, gesi ya kupikia ikiwa ndani ya mtungi karibu 25, ethanoli 21, methanoli 16. Kama Fielder yangu mjini inanipa kilomita 12 kwa lita ya petroli, kwa ethanoli tupu itanipa kama 8, na kwa methanoli 6. Tenki ni ileile, safari zinapungua.

Ethanoli

Hii ndiyo ya kwanza kwa mwenye gari ya petroli, na si kitu kigeni kwetu. Miaka ya 80 kiwanda cha Muhoroni kilikuwa kinatoa ethanoli kwa molasi, ule uji mweusi unaobaki miwa ikishatolewa sukari, inachanganywa na petroli, na watu wa Nairobi walikuwa wanaendesha nayo kila siku. Mpango ukafa miaka ya 90 kwa sababu ya bei. Wenzetu Malawi walianza 1982 na molasi ya Dwangwa na wao hawakuacha, ukiwa nchi haina bahari unajifunza haraka. Brazil ndio walimu wakubwa, walianza mpango wao 1975 baada ya mafuta kupanda bei ghafla, na kuanzia 2003 wakaanza kuuza gari ambazo unaweza kumimina petroli ama ethanoli ama mchanganyiko wowote, kompyuta ya gari inajipanga yenyewe. Huko dereva akifika kwa pampu anapiga hesabu moja tu: kama bei ya ethanoli iko chini ya asilimia 70 ya bei ya petroli, anaweka ethanoli, ikizidi hapo anaweka petroli. Hiyo asilimia 70 inatoka kwa zile megajuli nimetaja hapo juu. Shika hiyo hesabu, itakusaidia siku pampu za hapa zitakuwa mbili.

Uzuri wa ethanoli ni oktani yake, yaani uwezo wa mafuta kutolipuka kabla ya wakati, iko juu sana, injini haigongi hata ukipanda na mzigo, na inaungua safi. Ubaya wake uko mara tatu. Inakula raba na plastiki ambazo hazikutengenezewa, mipira ya mafuta inalainika, gasketi zinavimba, pampu ndani ya tenki inachoka. Pili ni baridi, ethanoli tupu haipendi kuwaka asubuhi ya baridi, gari za Brazil zilikuwa zinawekewa katenki kadogo ka petroli ka kuwashia tu, sasa fikiria mtu wa Limuru mwezi wa saba saa kumi na moja asubuhi. Tatu ni maji. Ethanoli inavuta maji kama chumvi.

Hii ya maji nilionyeshwa na fundi wangu pale Grogan na sijaisahau. Alichukua chupa ya soda ya plastiki inayoonekana ndani, akaweka maji kidogo chini, akachora mstari na kalamu mahali maji yameishia. Akamimina petroli iliyochanganywa na ethanoli kidogo, akafunga, akatikisa, akaweka juu ya boneti tukangoja. Ilipotulia ule mstari wa maji ulikuwa umepanda juu ya alama ya kalamu. "Unaona, mkubwa, ethanoli imeacha petroli imeingia kwa maji. Hiyo ndiyo itakaa chini ya tenki yako, na pampu inavuta kutoka chini." Kwa hivyo mchanganyiko ukishapata maji ya kutosha unaachana, na gari inazima. Kama unaacha gari imekaa miezi mitatu, ama petroli stesheni yako tangi zake za chini zinaingiza maji ya mvua, ethanoli itakuumbua. Nilishawahi kuuziwa petroli yenye maji mahali fulani upande wa Eastlands nikatoa tenki nzima kuisafisha, na hiyo ilikuwa petroli ya kawaida.

Sasa turudi kwa lile swali la lita zitatoka wapi. Tani moja ya miwa ukitoa sukari kwanza, molasi inayobaki ni kama kilo 40, na hiyo inakupa karibu lita 10 za ethanoli. Tenki ya Vitz inaingia kama lita 40, yaani tani 4 za miwa kwa tenki moja, lakini sukari umepata, ethanoli ni ya juu yake. Ukiamua kusaga miwa yote iwe ethanoli utapata lita 70 mpaka 80 kwa tani, tenki inajaa na nusu tani tu, lakini sukari hakuna, na sisi tayari sukari tunaagiza nje. Mahindi ndiyo mabaya kabisa. Tani ya mahindi inatoa karibu lita 400, kwa hivyo gunia la kilo 90 ni lita 36. Gunia zima la mahindi halijazi tenki ya Vitz. Na gunia moja ndilo karibu Mkenya mmoja anakula kwa ugali na githeri mwaka mzima. Mimi siwezi, na siamini mtu yeyote aliyeona njaa ya ukame wa 2022 kule kaskazini anaweza kuangalia hiyo hesabu akasema sawa.

Ndiyo maana nasema ethanoli ya molasi, asilimia 10 ndani ya petroli, ndiyo ninayoiunga mkono kwa moyo wote. Gari nyingi za kutoka Japani za miaka ya karibuni zinaweza kuimeza bila kubadilisha kitu, lakini soma kwanza ndani ya kifuniko cha tenki na kwa kitabu cha gari, imeandikwa. Ya zamani sana yenye kabureta, badilisha mipira kwanza. Ethanoli tupu kwa gari zote za Nairobi, hapana, hatuna ardhi hiyo.

Methanoli

Nitaipitia haraka. China wanayo teksi zinazotumia methanoli tupu, inafanya kazi, inaweza kutengenezwa kwa makaa ya mawe, gesi, takataka, hata hewa ukaa. Kwa injini ni kama ethanoli ila kali zaidi kwa vyuma na nguvu yake ni nusu ya petroli. Lakini mimi naikataa hapa kwetu kwa sababu moja ambayo haina uhusiano na injini. Watu wetu wameshapofuka na wamekufa mara nyingi kwa pombe iliyotiwa methanoli, miaka na miaka. Ukiweka methanoli kwa kila pampu ya mtaa, kuna mtu atajaza mtungi usiku na itafika kwa glasi ya mtu. Lita zake ziende viwandani na kwa meli, zisije mtaani.

Bayodizeli

Hapa ndipo shemeji alifungua macho. Injini ya dizeli tangu mwanzo haikuwa na ubaguzi, maonyesho ya Paris ya 1900 kulikuwa na injini ya Rudolf Diesel ikitumia mafuta ya karanga. Lakini elewa tofauti: kumimina mafuta ya kupikia moja kwa moja kwa tenki si bayodizeli. Mafuta ya kupikia ni mazito, yakiingia kwa injekta hayapulizwi vizuri, yanaacha makaa kwa pistoni na ringi zinakwama, utaenda wiki mbili ukijisifu halafu injini inafunguliwa. Bayodizeli ni mafuta yaleyale yaliyopunguzwa uzito kwa kuchanganywa na methanoli na kostiki soda.

Nilienda kuona ikitengenezwa Kariobangi, kwa kibanda cha mabati. Dramu ya mafuta ya chipsi yaliyotumika, meusi, yanachujwa na kitambaa kutoa mabaki ya viazi, yanapashwa moto maji yatoke. Kwa kila lita 10 za mafuta wanaweka kama lita 2 za methanoli ambayo imeshayeyushiwa kostiki soda, wanakoroga, wanaacha mpaka kesho. Asubuhi chini kuna kitu kizito cha kahawia kama asali, hiyo ni gliserini, wanaiuzia watu wa sabuni. Juu imebaki kitu chepesi rangi ya chai ya rangi, hiyo wanaiosha na maji, wanaikausha, na ndiyo bayodizeli. Harufu ni ya chipsi kweli. Jamaa alikuwa amevaa glavu na miwani na hakuniruhusu kusogelea meza ya methanoli, nikampenda kwa hiyo.

Shemeji akaanza na asilimia 20, iliyobaki dizeli ya kawaida. Canter yake ni ya zamani ile ya pampu ya mekanika, hizo zinavumilia. Lakini fundi alimwonya, bayodizeli inaosha. Takataka zote zilizokaa kwa tenki miaka 15 inazing'oa na kuzipeleka kwa filta. Na kweli, wiki ya pili akiwa na viazi mlima wa kutoka Njabini gari ikaanza kukosa nguvu, ikakohoa, ikazima. Akafungua filta pale barabarani, ilikuwa nyeusi ndani kama imepakwa lami, unaikuna na ukucha inatoka vipande. Alikuwa na spea moja kwa dashibodi kwa sababu aliambiwa. Akafunga, akapampu mafuta na mkono, akawasha akaenda. Kama hukuambiwa ungelala hapo na viazi.

Kama gari yako ya dizeli ni ya kisasa, zile injekta za presha kubwa na filta ya moshi kwa egzosi, usizidi kile kitabu cha gari kimesema, mara nyingi ni asilimia 7, na usinunue ya kibanda. Injekta moja ya hizo ni pesa ya karo. Kuna aina nyingine ya dizeli ya mimea inayosafishwa kiwandani kwa haidrojeni, kifupi chake HVO, hiyo inafanana na dizeli kabisa na inaingia kwa gari yoyote, lakini ni kiwanda kikubwa cha mabilioni, si cha mabati.

Na lita? Hapo tena. Jirani yangu ana kibanda cha chipsi Kayole, kwa wiki anatoa mtungi mmoja wa lita 20 wa mafuta yaliyotumika. Canter kwenda Kinangop na kurudi inakunywa kama lita 30. Yaani wiki nzima ya chipsi za jirani haifikishi Canter nyumbani mara moja. Mafuta ya chipsi ni mazuri, hayamnyimi mtu chakula, tena bora yaingie kwa injini kuliko kumiminwa kwa mtaro ama kuuzwa tena yakaangiwe watu, lakini hayatoshi hata robo ya matatu zetu.

Ndio watu wakasema tupande. Mnakumbuka habari ya mbono, ule mmea wa jatrofa wenye mbegu za mafuta? Kati ya 2005 na 2010 kila mtu alikuwa anaambiwa apande, eti inamea jangwani, mafuta yatatoka kama maji. Wakulima wakang'oa vitu wakapanda. Mwaka 2009 watafiti, pamoja na wale wa kituo cha kilimo cha miti cha Gigiri, wakatoa ripoti wakasema wazi kwamba kwa mkulima mdogo wa Kenya mbono hailipi, ipandwe kama ua wa boma tu. Inamea jangwani ndiyo, lakini kuzaa mbegu nyingi inataka maji na mbolea kama mmea mwingine wowote. Na kule Dakatcha, Malindi, watu na wapenda ndege walipigana sana msitu usikatwe kwa ajili ya hiyo mbono. Siku hizi naona Makueni kuna kiwanda cha Eni, kampuni ya mafuta ya Italia, kilichofunguliwa 2022 kinakamua mbarika na mbegu zingine, na mafuta yake yanasafirishwa Italia kusafishwa. Sina ubaya na mkulima wa Makueni kupata soko, ila ona yanaenda wapi, yanaenda kwa tenki za wenye pesa zaidi. Mti wa mkinduri pia unazaa karanga zenye mafuta, unamea wenyewe kwenye ua za huku Kiambu na Nyeri, zinaokotwa tu chini, hakuna shamba linalochukuliwa. Hiyo naipenda kuliko mbono.

Gesi

Gesi ni za aina mbili na watu wanazichanganya. Ya kwanza ni ile ya kupikia. Nairobi tayari kuna stesheni zinazojazia gari, unafungiwa vifaa vya gesi na mtungi wa mviringo unakaa mahali pa spea tairi, unabonyeza swichi gari inahama kutoka petroli kwenda gesi. Injini inaipenda, oli inakaa safi muda mrefu, oktani ni juu ya 100. Unakunywa lita nyingi zaidi, kama robo hivi, lakini ikiwa bei ni nafuu bado unaokoa. Angalia valvu, kuna injini viti vyake vya valvu ni laini na gesi ni kavu, vinaisha, uliza fundi aliyefunga za aina yako siyo aliyefunga moja tu. Na usijazie gari kwa mtungi wa jikoni nyuma ya nyumba, wala usijazie uwanja usio na leseni, ule mlipuko wa Embakasi Februari 2024 ulianzia kwenye uwanja wa gesi uliokuwa katikati ya nyumba za watu.

Lakini kwa swali letu la mafuta kuisha, gesi hii ni daraja tu. Inatoka kwa visima na kwa viwanda vya kusafisha mafuta, ndugu yake akienda na yeye anapungua.

Ya pili ni methani, gesi asilia. Hapa jirani zetu wametupita. Dar es Salaam bajaji na teksi nyingi zinatumia gesi ya Songosongo, unapita Ubungo unaona foleni. Inabanwa kwa presha ya baa 200, karibu mara 100 ya presha ya tairi yako, kwa hivyo mtungi ni mzito na unakula buti yote. Kilo moja inakubeba kama lita moja na nusu hivi ya petroli. Kenya hatuna bomba lake, na hiyo pia ni ya kuchimbwa.

Ila methani ileile unaweza kuipata kwa mavi ya ng'ombe na takataka, na hapa ndipo mimi naona Nairobi ina utajiri imelalia. Jaa la takataka la Dandora linafuka methani usiku na mchana, soko zetu zinatupa mboga malori kwa malori, mabwawa ya maji taka ya Ruai yako pale. Sweden wanaendesha mabasi ya mji na hiyo gesi, mji wa Linköping umefanya hivyo miaka mingi. Kazi iko kwa kuisafisha: bayogesi mbichi ni methani kama asilimia 60, iliyobaki ni hewa ukaa na kuna salfa ndani, ile harufu ya yai bovu, hiyo salfa inakula injini. Lazima isafishwe, ikaushwe, ibanwe. Mtu mmoja na ng'ombe wawili Githunguri hawezi, apikie chai na hiyo gesi na ni sawa kabisa. Sacco ya matatu yenye gari 50 zinazolala pamoja, inaweza. Gari inarudi sehemu moja kila usiku, inajaziwa hapo. Kama ningepewa pesa ya kuweka mahali pamoja ningeweka hapa, kwa sababu hakuna anayenyimwa chakula na ile takataka tunalipa kuibeba.

Kuni

Ndiyo, kuni. Wakati wa vita ya pili ya dunia Ujerumani ilikuwa na karibu magari nusu milioni yanayotembea na gesi ya kuni, jiko limefungwa nyuma, kuni zinaungua na hewa kidogo, moshi unachujwa unaingia kwa injini. Inafanya kazi kwa injini ya petroli. Unapoteza nguvu kati ya theluthi na nusu, na kilo 3 za kuni ndiyo lita moja. Nairobi kwenda Nakuru ni kilomita 160, kwa Fielder yangu ni kama kilo 40 za kuni, na kila saa unasimama kukoroga jivu. Gesi yenyewe ni monoksidi ya kaboni, ileile inaua watu na jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Kwa jenereta ya shamba lenye magunzi ya mahindi, nzuri. Kwa gari za mji wa watu zaidi ya milioni 4, misitu itaisha kabla ya mwaka.

Haidrojeni na petroli ya kutengenezwa

Haidrojeni ndani ya injini ya kawaida inawezekana, BMW walitengeneza Hydrogen 7 kama 100 hivi mwaka 2006, walikuwa wanaibeba ikiwa baridi ya nyuzi 253 chini ya sifuri, na ukiegesha siku kadhaa inageuka mvuke inaenda zake. Kwa gari yako ya mtumba hapana, tenki peke yake ni bei ya gari.

Petroli ya kutengenezwa ndiyo tamu kwa maneno. Unachukua haidrojeni iliyotolewa kwa maji kwa kutumia stima, unachukua hewa ukaa, unaziunganisha kuwa methanoli kisha petroli, na inaingia kwa gari yoyote bila kubadilisha hata plagi. Chile, kule Haru Oni karibu na Punta Arenas, walianza Desemba 2022 kwa stima ya upepo, na gari ya kwanza kujaziwa ilikuwa Porsche 911. Iceland pale Svartsengi walianza kutengeneza methanoli kwa mvuke wa ardhini 2012, na mimi nikisoma hiyo nawaza moja kwa moja Olkaria, kule tunatoa stima kwa mvuke wa ardhini, mvuke tunao, na hewa ukaa inachimbwa hapo tu Kereita inauzwa kwa watu wa soda. Vitu vyote haviko mbali na Nairobi.

Shida ni stima inayopotea njiani. Lita moja ya hiyo petroli inakula uniti 20 za stima au zaidi. Kwa bei ya tokeni za nyumbani hiyo ni zaidi ya shilingi 400 stima peke yake, bado kiwanda, bado kodi. Hizo uniti 20 ukiziweka kwa gari ya betri unaenda kilomita 100, kwa Fielder yangu lita moja ni kilomita 12. Kwa ndege na ambulensi za mbali sawa. Kwa mimi kwenda kazini siwezi kuitetea.

Sasa ukiniuliza uchague nini

Gari ndogo ya petroli ya miaka ya karibuni: ngoja petroli ya ethanoli asilimia 10 ya molasi, na kwa sasa badilisha mipira ya mafuta iliyochoka na uweke filta mpya, ni pesa kidogo. Kama unatembea kilomita nyingi kila siku, teksi ama Probox ya mzigo, funga gesi leo, itajilipa kabla mafuta hayajaisha. Premio ya D4, ile inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, usiijaribie chochote, pampu yake ya presha ilishasumbua watu na petroli safi. Dizeli ya zamani ya pampu ya mekanika, bayodizeli asilimia 20 kutoka kwa mtu unayeweza kumwona akiosha na kukausha, si mtu wa mtungi wa barabarani. Dizeli ya kisasa, fuata kitabu. Na kama unakaribia kununua gari nyingine kabisa na njia zako ni za mjini, angalia ya stima kwanza, lakini najua wengi wetu gari tunazo na tumeshamaliza mkopo, tutaziendesha mpaka zife.

Kama lita zitakuwa chache, na zitakuwa, mimi ningetaka ziende kwanza kwa Canter za viazi na matatu za watu 33 kabla ya Fielder yangu na mtu mmoja ndani. Nilimwambia shemeji hivyo na akanyamaza kidogo.

Yeye saa hii bado yuko kwa asilimia 20. Amebadilisha filta mara tatu tangu aanze. Ya kwanza ni ile ya lami, ya pili ilikuwa ya kahawia. Ya tatu aliifungua Jumapili mbele yangu hapa nje, akaimwagia kwa karai jeupe, na yaliyotoka yalikuwa ya rangi ya chai, hayana kitu ndani.